Mstari Mmoja Kabla ya Saa Kumi

Ofisini kwetu Dodoma mimi ndiye mtu wa kompyuta, maana yake ndiye wa kulaumiwa. Kila anayefungua tovuti hupitishwa kwanza kwenye seva ya kichujio iliyo chumbani kwangu, bila yeye kujua. Niliisimika mwenyewe, na nilikuwa naringa nayo.

Siku ya mwisho ya kuomba uhamisho kwenye tovuti ya serikali, dirisha la maombi likifungwa saa kumi, katibu muhtasi wetu, mama wa makamo, alinijia saa nane mchana machozi yakimlengalenga. Mama yake mzazi kule Kolo, wilayani Kondoa, alikuwa amepofuka, anaishi peke yake, naye alitaka kuhamia Kondoa akamtunze. Tovuti ikamkatalia: "Umeshaomba kwenda Tanga."

"Mwanangu, Tanga nina nani mimi?"

Aibu ilinishika. Kichujio changu kilikuwa kimehifadhi ukurasa wa mtu wa kwanza kuomba, ofisa ugavi anayetaka Tanga, na sasa kilikuwa kinawagawia wengine wote ukurasa huohuo. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu wa amri kwenye ruta, kile kifaa kinachotuunganisha na mtandao: tovuti hiyo ipite moja kwa moja, isiguse kichujio.

Lakini mimi bwana ni mwoga wa wakubwa. Nikaenda kwa mkuu wa idara.

"Andika dokezo," alisema bila kuinua kichwa. "Lipite masjala, nilione kwenye jalada."

Nikaandika. Masjala wakalifungulia jalada jipya, wakalizungusha kwa maofisa watoe maoni, ndiyo desturi yetu. Saa tisa na nusu nikalikuta kwa ofisa wa nne. Wa kwanza alikuwa ameomba na tovuti ya mpira iruhusiwe, wa pili ya vitenge, wa tatu ameandika, "Naunga mkono, hasa vitenge."

Hasira zikanipanda. Nikarudi chumbani mbio, nikauandika ule mstari bila ruhusa ya mtu. Nikamwita yule katibu muhtasi, akajaribu tena kwenye kompyuta yangu. Dakika kumi kabla ya dirisha kufungwa, maombi yake yakapokelewa. Akanikumbatia akilia, nami nikalia kidogo, nikasingizia vumbi.

Nilipogeuka, mkuu wa idara alikuwa amesimama mlangoni. Nikajua kazi sina.

Alirudishia mlango taratibu, akavuta kiti.

"Hata mimi imenikatalia tangu asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu yuko Bukoba, mwaka wa sita huu. Zimebaki dakika ngapi?"