Siku Ukoo Wetu Ulipofua Nguo Safi

Mmewahi kuona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakipanga foleni kufua nguo zilizopigwa pasi?

Mimi nimeona. Walikuwa shangazi yangu, mjomba wangu na nusu ya ukoo.

Tena niliyewapanga foleni ni mimi mwenyewe.

Mama yangu alikuwa na duka la kujifulia. Unaingia na nguo zako, unanunua tokeni dirishani, unaitumbukiza kwenye mashine, unakaa kwenye benchi unasubiri. Mashine ya mwisho kule pembeni ikianza kukamua hutembea kama mtu anayetaka kwenda kwao, ndiyo maana tuliizuia kwa tofali.

Duka hilo ndilo lililonisomesha hadi nikahitimu.

Halafu macho ya Mama yakaanza kufifia.

Siku moja nilimkuta anahangaika kuingiza tokeni kwenye tundu la skrubu. Nikampeleka hospitali. Daktari hakuzunguka: "Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Asipofanyiwa upasuaji mapema, na kilichobaki kitapotea."

Mimi nilikuwa nazunguka na vyeti hadi soli za viatu zimeisha. Shangazi hana kitu. Mjomba ndiyo usiseme.

"Tuuze duka," Mama akasema. "Mashine zinanunulika. Macho hayauzwi popote."

Wanunuzi wa mwanzo walikuja, wakachungulia, wakaondoka bila hata kuuliza bei. Akabaki mmoja tu, mwanamama mwenye nyumba za wageni, wote wanamwita Mama Gesti. Alisema atakuja Ijumaa asubuhi.

Nikamwambia Mama apumzike nyumbani, nikaingia kazini. Nilikwangua kutu, nikazibua mabomba, nikabandika upya mipira ya milango. Rangi ya ukuta sikuweza kununua, nikachanganya makopo yaliyobaki kwa jirani. Ikatoka rangi ya dawa ya kikohozi. Nikapaka hivyo hivyo.

Shangazi akaja kukagua.

"Profesa," ndivyo wote wanavyoniita tangu nihitimu, "mnunuzi akikuta mashine zimelala, atajua biashara imekufa. Jaza watu."

"Ijumaa wateja wapo, Shangazi."

"Wateja gani? Wale mafundi gereji na ovaroli zao za grisi? Yule muuza samaki? Unauza duka au unafukuza mnunuzi? Niachie mimi. Damu nzito kuliko maji."

Nikafikiria macho ya Mama. Nikakubali.

Ijumaa asubuhi nikasimama mlangoni kuwazuia wateja wetu wa siku zote.

"Tuna ukarabati. Mrudi baadaye."

"Profesa," fundi gereji akalalamika, "hii ovaroli ikikaa hadi kesho itasimama yenyewe!"

"Kaka, nakuomba."

Wakavuka barabara, wakakaa juu ya mafurushi yao, wamenuna.

Ndani, ukoo ulikuwa umejaa. Shangazi kaleta vitenge ambavyo havijawahi kuvaliwa. Mjomba kaingiza suti yake ya harusi pamoja na hanga yake, mashine inalia ga-ga-ga kama inatafuna mifupa.

Mama Gesti akaingia. Akatazama kuta. Akatazama mashine. Akamgeukia Shangazi.

"Dada, huwa unafua hapa?"

"Kila siku!"

"Kila siku? Nguo zote hizo unazitoa wapi?"

Shangazi akameza mate. "Natoka jasho sana."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Gesti akapita mlango wa nyuma, akainama penye mfereji ambapo mashine zote humwaga maji. Akachota kwa kiganja. Akaniita.

"Mwanangu, tazama maji haya."

Nikatazama. Yalikuwa maangavu, povu jeupe pepepe.

"Nimefua mashuka ya wageni tangu sijaolewa. Maji ya kwanza hayatoki hivi. Hawa ni ndugu zako, sivyo?"

Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Ni ukoo," nikasema.

"Nilijua. Wote mna pua moja." Akajifuta mkono. "Mimi nilikuja kununua duka, sikuja kutazama maigizo."

Akashika mkoba wake. Nikamfuata.

"Mama, nisikilize. Mama yangu anapofuka. Hela hii ni ya upasuaji."

Akasimama. Akanitazama kwa huruma iliyoniumiza kuliko tusi.

"Mwanangu, umenidanganya kwa nguo. Nitakuaminije kwa mama?"

Ningemwambia nini Mama?

Akafungua mlango wa mbele, atoke zake.

Kumbe ng'ambo ya barabara walikuwa wanatuvizia.

"Profesa! Ukarabati umeisha?" Fundi gereji kavuka mbio, furushi kichwani, wenzake nyuma yake. Muuza samaki akafuata na aproni zake. Harufu ilimtangulia.

Mama Gesti akasimama kizingitini. "Na hawa nao ni ukoo?"

"Ukoo gani!" fundi akafoka. "Sisi ni wateja! Gereji nzima inafua hapa kila Ijumaa, leo huyu katufukuza kama kuku."

"Mtaa mzima unaninusa," muuza samaki akadakia, "na kosa si langu!"

Mama Gesti akanigeukia polepole. "Uliwafukuza hawa?"

"Niliona aibu. Ni wachafu."

Akaangua kicheko hadi akashika mlango.

"Duka la kufulia, unamficha mchafu? Hebu toa hizo suti zenu!"

Ukoo ukatoka na nguo zinachuruzika, Mjomba kabeba suti juu ya hanga. Gereji ikaingia. Mama Gesti akarudi kwenye mfereji akasubiri.

Maji yakaja. Meusi kama wino, mazito, yananuka grisi na samaki.

Akayatazama kama mkulima anayetazama shamba lililokubali.

"Hiki ndicho ninachonunua," akasema.

Mama alifanyiwa upasuaji. Kilichopotea hakikurudi, lakini kilichobaki kipo hadi leo. Mama Gesti akamwomba aendelee kuuza tokeni dirishani, kwa kuwa wateja wamemzoea. Siku ya kwanza kurudi, Mama akausogelea ukuta hadi pua ikaugusa.

"Mwanangu, nani alipaka rangi hii?"

"Mimi, Mama."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Nilidhani upasuaji umekataa."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nalijua neno hilo tangu darasani, lakini mfereji ndio ulionielewesha. Rafiki yangu, kama nawe unabisha hodi mahali ukiwa umekata tamaa, usipambe hadi ukafukuza ukweli wako. Huenda unachokionea aibu ndicho kilichokufikisha hapo.

Suti ya Mjomba, lakini, haikupona. Sasa inamtosha mwanawe.