Fimbo ya Urani Iliyovimba

Niliondoka Nakuru kwa sababu ya vyuma vinavyokatika. Katika karakana ya reli nilikuwa nimechoka kubadilisha ekseli bila kujua zimeshindwa na nini. Nilipopata nafasi ya kusomea jambo hilo Uingereza, niliikubali kabla ya kumwuliza mke wangu. Wambui alinisindikiza stesheni, binti yetu Njeri akiwa mgongoni.

"Nenda ujue," alisema. "Lakini urudi mzima."

Mombasa nilipanda meli. Bahari siwezi kuieleza. Muda mwingi nilikuwa natapika.

Kaskazini mwa Uingereza, baada ya masomo ya mwaka wa kwanza, nilitumwa kutazama kazi katika maabara moja ya atomu. Mwenyeji wangu, Bwana Harold, mtu mpole asiyeinua sauti, alinisimamisha mbele ya kioo kinene kama ukuta wa kanisa. Upande wa pili, mikono ya chuma ilishika fimbo ya urani iliyotolewa karibuni katika tanuri la atomu. Ilikuwa imeingia humo imenyooka na laini. Sasa ilikuwa imenenepa, imepinda, imejaa matuta.

"Nani ameigonga?" niliuliza.

"Hakuna. Imevimba yenyewe. Atomu moja ya urani ikipasuka, inaacha vipande viwili, na hivyo viwili vinataka nafasi zaidi. Vingine ni gesi, zenoni na kriptoni. Hazishikani na chuma, na hazina pa kutokea, kwa hiyo zinakusanyika humo ndani na kufanya mapovu."

"Na vile vingine?"

"Vingi vinatulia humo humo. Iodini ndiyo ya kuchunga. Ikipata joto, inatembea."

Mafundi wakaanza kuipasha fimbo moto ili wapime gesi yake. Mpira wa kuziba mlango wa chumba hicho ulikuwa umechakaa, hewa ya humo ikavuja upande wetu. King'ora kikalia. Bwana Harold akasema tutoke, kwa sauti ya mtu anayekwenda kunywa chai.

Tulivuliwa nguo zote, tukaoshwa mpaka ngozi ikawasha. Daktari akaniwekea kipimo shingoni, nacho kikalia tik-tik-tik.

"Iodini imeingia kwenye tezi," alisema. "Ni kidogo. Kila siku nane hivi inapungua nusu."

Kila asubuhi nilishika shingo kabla ya kufumbua macho. Mwishowe kipimo kilinyamaza. Nikamaliza masomo, nikapanda meli tena, nikatapika tena.

Stesheni ya Nakuru, Wambui alisimama mbali kidogo, amemshika Njeri mkono. Nilikuwa nimemwandikia yote, na majirani wa mtaani kwetu, Bahati, walikuwa wameongeza yao.

"Baba Njeri, hiyo sumu haiambukizi?"

"Haiambukizi. Ilikwisha hata kabla sijapanda meli."

"Na mtoto mwingine?"

"Daktari amesema tunaweza kupata."

Tulianza kutembea, yeye upande wake wa barabara, mimi wangu. Nikamweleza nilichojifunza: kwamba chuma kinaweza kuharibika bila kuguswa na mtu, kwa vitu vilivyozaliwa ndani yake vikakosa nafasi. Wambui alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni ya chuma," alisema. "Wewe je, uliogopa?"

Bwana Harold hakuwahi kuniuliza hivyo, wala daktari.

"Niliogopa sana."

Akavuka barabara, akamsukuma Njeri mbele yangu. "Basi mbebe mtoto wako."

Njeri hakunijua. Nilipomwinua alipiga kelele mpaka watu wakageuka. Sikumweka chini.