Uji Niliowapa Panya wa Daktari Neema

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilijiona mtu mwema kuliko wote Ifakara, kumbe kwa kopo la uji nilikuwa nimeharibu kazi ya miezi mingi.

Wakati huo nilikuwa kijana, shule nimeishia darasa la sita. Hesabu zilinikimbiza, na mimi kwa kukimbia sijambo. Nikapata kazi ya kutunza panya kwenye maabara ya utafiti. Panya weupe, wasafi kuliko mimi. Kijijini kwetu panya akionekana shambani anafukuzwa kwa jembe. Mimi nikawa nalipwa kumfagilia chumba. Mama aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Mwenye utafiti alikuwa Daktari Neema, dada kutoka kijiji cha Sanje aliyesoma sana. Alinieleza polepole, kama unavyomweleza mtu wa darasa la sita: "Kaka Beno, kuna kemikali inatoka kwenye plastiki. Ikiingia mwilini inajifanya homoni ya kike, mwili unadanganyika." Panya jike wachanga akawagawa makundi mawili. Kundi moja linapewa ile kemikali, la pili halipewi kitu, ili aone tofauti. Wa kupima na kuwapa alikuwa Yusta, mwenyeji wa kijiji cha Kisawasawa, mama wa watoto wawili mwenye mdomo mkali. Mimi kazi yangu chakula na usafi. Chakula chenyewe vidonge maalumu vilivyoagizwa mbali, na nilionywa: wasile kingine chochote.

Sasa wewe umelelewa hapa bondeni. Unajua kwetu huwezi kula mwenzako anakutazama. Hata mtu anayejipitia na baiskeli yake tunamwita, "Karibu chakula!" Na mimi kila asubuhi naona kundi moja linashikwa vizuri, linadondoshewa kitu mdomoni, huku lingine linatazama tu, pua zinacheza. Nikasema huu ubaguzi. Nyumbani mke wangu alikuwa anampikia mtoto uji wa lishe, wenye soya ya kutosha. Nikawa nabeba kidogo kwenye kopo, nawapa wale wanyonge. Walinipenda, mwanangu! Wakisikia ndala zangu wanasimama wima.

Siku ya kupima ikafika. Waliopewa kemikali walikuwa wamepevuka kabla ya wakati, vizazi vyao vimevimba, kama Daktari alivyotegemea. Lakini wale wasiopewa kitu nao vilevile!

"Yusta, umechanganya chupa," Daktari akasema.

"Sijachanganya. Naapa kwa wanangu."

"Basi panya wamejinywesha wenyewe? Nenda nyumbani. Kesho usije."

Yusta akavua koti jeupe, akanigeukia. "Na wewe Beno, leo umeshonwa mdomo? Siku zote unaongea kama redio ya kinyozi!"

Unajua nilifanya nini? Nilienda kuosha kopo. Nikalisugua mpaka likataka kutoboka. Ndipo nikajiuliza, kama sina kosa, mbona naosha? Kichwani najitetea kwamba uji ni uji tu, lakini mikono ilishakiri zamani. Nikisema, kazi sina. Nisiposema, watoto wa Yusta watalala na njaa kwa ajili ya ukarimu wangu. Nikatoka mbio, kopo mkononi linachuruzika maji, nikamkuta yuko getini.

"Rudi ndani," nikamwambia.

"Nikafanye nini?"

"Ukamwone mjinga. Bure, hakuna kiingilio."

Nikasema yote mbele yao wawili. Daktari akauliza, "Huo uji una soya?" Nikajibu, "Tena nyingi, Daktari. Mke wangu si bahili." Akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza mtoto wa watu. Kumbe anacheka!

"Soya ina vitu vinavyojifanya homoni hiyohiyo," akasema. "Ndiyo maana niliagiza chakula kisicho nayo. Mtoto wako mwache anywe uji wake, yeye si panya wangu. Lakini Kaka Beno, ungenyamaza, ningemfukuza mtu bure na kuandika uongo." Akamshika Yusta mikono miwili, akamwomba radhi palepale.

Tukaanza upya na panya wachanga wengine. Kila asubuhi Yusta ananipekua mlangoni: "Toa mikono mfukoni, mpishi!" Na siku ya kupima ilipofika tena, lo! Waliopewa kemikali wamepevuka, wasiopewa bado watoto kabisa. Tofauti ilikuwa wazi, hata mimi niliyekimbia hesabu niliiona. Yusta alipiga kigelegele, watu wakatoka vyumbani wakidhani kuna harusi. Daktari akaninyanyua mkono juu kama bondia aliyeshinda. Kopo langu likawekwa kwenye rafu, na kila mfanyakazi mpya alianza kazi kwa kusimuliwa habari zake na mimi mwenyewe. Mimi, wa darasa la sita, nafundisha wenye digrii!

Basi mwanangu, sasa unapokwenda kuanza kazi ya mtu, kabla hujaongeza wema wako, uliza. Ukionywa jambo, lifuate hata kama hujaona maana yake. Na ukikosea, toka na kopo lako lingali linachuruzika. Usingoje likauke wakati mwenzako anavuliwa koti.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi," akupe na wakubwa wanaojua kucheka na kuomba radhi. Uende salama, urudi na ushindi. Na siku ukipika uji wa lishe, nikaribishe. Mimi si panya wa Daktari, sina kundi.