Makofi ya Upinde Uliopasuka

Kyule wa Kathonzweni alikuwa na punda wawili, shamba la pojo na kazi moja aliyofundishwa na mjomba wake, kuchonga pinde. Kwa miaka hamsini hakuna mtu aliyewahi kumrudia na kumwambia, "Mti wako ulikuwa mbovu." Watoto wake walikuwa na nyumba za mawe. Yeye alikuwa na jina hilo tu, na lilimtosha.

Jumatatu moja alijiwa na Musyoka, mwenyekiti wa wazee, mtu ambaye hajawahi kutega hata kanga.

"Wewe Kyule, Jumamosi tunamvika mheshimiwa uzee. Kofia ya manyoya iko, kigoda kiko. Umebaki upinde."

"Uzee unavikwa siku hizi? Mimi nilidhani mtu huzeeka tu."

"Acha maneno. Unao au huna?"

"Ninao mti. Mlete mwenyewe nimpime, na auvute hapa mbele yangu. Hivyo ndivyo upinde unavyotolewa."

"Mheshimiwa ana shughuli nyingi."

"Na mikono, anayo?"

Musyoka alicheka, kisha akasema watanunua ule wa Mtito Andei unaouzwa kwa wageni, uliopakwa vanishi, wenye kamba ya nailoni. Kyule alikuwa ameviona vitu hivyo vimetundikwa karibu na kituo cha petroli, vimelegea kama mikia ya mbwa mgonjwa. Yaani watu wote wa Makueni waone kitu kile kimeinuliwa juu na kuambiwa, huu ndio upinde wa Mkamba? Akakubali.

Mti wenyewe ulikuwa mulawa. Aliukata mwenyewe kwenye mawe, mahali unapokua polepole kwa shida, akauweka juu ya meko miaka minne mpaka moshi ukamaliza maji yote. Sasa aliuchonga kwa tezo, akaukwangua kwa kigae cha chupa. Kila baada ya mikwaruzo michache aliufunga kamba ya kano za ng'ombe, akauvuta kidogo, akatazama kama mikono miwili ya upinde, wa juu na wa chini, inapinda sawasawa. Ule wa chini ulikuwa mkaidi. Aliubembeleza siku mbili. Ijumaa aliupaka mafuta ya mbarika, na ulipovutwa ulijikunja kwa utulivu, bila mlio wowote.

Musyoka alipokuja kuuchukua, Kyule aliushikilia kwanza.

"Mwambie jambo moja. Asiuvute na kuuachilia bila mshale. Nguvu inayopaswa kuondoka na mshale itarudi ndani ya mti, iupasue. Umesikia?"

"Nimesikia, nimesikia," alisema Musyoka, macho kwenye simu.

Jumamosi uwanja ulijaa hema, spika na vijana waliovaa fulana zenye uso wa mheshimiwa. Kasisi aliomba. Mheshimiwa, mwanamume laini mwenye viganja vya mtoto mchanga, alivikwa kofia ya manyoya juu ya suti, akakalishwa kigodani, akakabidhiwa upinde.

"Vuta, mheshimiwa, vuta!" walipiga kelele wapiga picha.

Podo ilikuwa imejaa mishale, imening'inia begani kwa Musyoka. Hakuna aliyeutoa hata mmoja. Kyule aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki huko nyuma, akapaza sauti, "Mpeni mshale!" Kijana mmoja akamkalisha. "Tulia, babu, utaziba kamera."

Mheshimiwa akavuta, akatabasamu, akaachilia.

Upinde ulilia kama mfupa unaovunjika. Umati ukapiga makofi.

"Mmesikia huo mlio?" alipaza sauti mshereheshaji. "Hiyo ndiyo nguvu ya mtu wetu!"

Kisha wakaona vipande viwili vinaning'inia kwenye kano, na makofi yakafifia. Musyoka akanyakua kipaza sauti haraka. "Samahani, mheshimiwa. Fundi wetu amezeeka, macho yamekwisha. Ametupa mti ulioliwa na wadudu. Tutakutafutia mwingine." Watu wakacheka. Na jirani zake wa tangu utoto wakacheka pia, midomo tayari imeelekea kule nyama inakonukia.

Wadudu! Kyule alisubiri hotuba ziishe, akaenda kutafuta vile vipande. Huko nyuma ya hema alimkuta Syombua, mpishi, akigeuza mbavu za mbuzi kwa mkono wa chini wa upinde, ule ule mkaidi.

"Nani amekupa hicho?"

"Vijana walikitupa hapa, mzee. Mti mzuri huu! Umekaa motoni tangu saa ile na hauungui."

Alimwomba ampe ule mti, akaupangusa mafuta kwa koti lake la Jumapili. Ulikuwa umepasuka kwa nyuzi ndefu, nyeupe, safi. Hapakuwa na tundu hata la sindano. Akaubeba hadi meza ya wazee, akauweka mbele ya Musyoka.

"Nionyeshe mdudu."

Musyoka alikuwa anafyonza mfupa. Hakutazama. "Kyule, jamani, tunakula. Ondoa hiyo takataka mezani."

Aliwatazama wengine, mmoja mmoja. Kila mmoja aliinamia sahani yake.

Akarudi jikoni, akamrudishia Syombua ule mkono.

"Si nilidhani ni wako, mzee?"

"Ni wangu," alisema. "Geuza, nyama inaungua."