Iko Chini Yake Mto

Mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, na siku akiitwa jina lake halisi, kwa mfano hospitali, alichelewa kuitika akidhani anatafutwa mtu mwingine. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesimama nyuma ya meza ileile, mbele ya dirisha lileile, akinyoosha mashati ya watu huku mvuke ukimpanda usoni mpaka barabara nje ya kioo ikawa inaelea. Mtu apite na baiskeli, yeye aone kofia na nusu ya gurudumu. Alizoea kuuona ulimwengu vipande vipande, na kusema kweli alikuwa ameanza kuupenda zaidi ukiwa na ukungu kidogo.

Lakini usidhani hakuona kitu. Mtu anayempelekea dobi nguo kila wiki hana siri, basi tu hajaambiwa. Alijua kwamba fundi saa husahau skrubu ndogo ndogo mfukoni, kwamba kola za kinyozi zina nywele za watu wengine, na kwamba mwalimu mstaafu wa ghorofani bado anatembea na chaki, ingawa ni miaka tisa tangu afute ubao wake wa mwisho. Mifuko yao aliisoma kama wengine wanavyosoma magazeti.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye alilala chumba cha pili. Alikuwa mke wa mwanawe. Kijana alikuwa ameondoka wiki tatu baada ya harusi kwenda kazini mbali, mkataba wa miaka miwili, akamwachia mama yake mke kama mtu anavyomwachia jirani mwavuli: nitaupitia nikirudi. Sasa ilikuwa miezi saba. Binti alikuwa mpole, msafi, mwenye adabu mpaka inauma. Asubuhi alitoka chumbani na kusema, "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu, umelalaje?" "Salama, Mama." Basi. Baada ya hapo nyumba ilibaki na sauti ya pasi tu, ikipumua kwenye nguo.

Jumatatu moja, wakiwa mezani, binti alizungumza huku akiitazama sahani.

"Mama, Jumapili nitakwenda kwetu."

"Vizuri. Utakaa siku ngapi?"

"Sijui, Mama. Nitachukua mabegi yote mawili."

Anayekwenda kusalimia hachukui mabegi yote mawili. Hilo hata mimi nalijua, na Mama Dobi alilijua zaidi. Alisema, "Haya, mwanangu," akakusanya vyombo, kisha akaingia chumba cha kazi akalilia kwenye lundo la mashuka, mahali ambapo unyevu zaidi haumshangazi mtu. Alikuwa akimpenda binti yule. Alimpenda tangu siku ya kwanza, na hakujua kabisa namna ya kumwambia.

Kesho yake mchana, saa ile ambayo jua linaegemea kioo na hata nzi wanachoka, alisinzia akiwa amesimama. Akauona mtaa wote umetandazwa mezani kwake, shati moja kubwa sana, jeupe, lenye mikunjo iliyokuwa njia na vifungo vilivyokuwa taa. Kila nyumba ilikuwa mfuko. Mkwe wake alikuwa akitembea juu ya kitambaa bila viatu, anaingiza mkono mfuko huu, anacheka, anaingiza mfuko ule, anatoa kitu kinachong'aa na kukionyesha juu. Mama Dobi akataka kumwita, sauti ikagoma. Alizinduliwa na harufu ya kuungua.

Shati lilikuwa la kinyozi. Jioni alimpelekea mwenyewe.

"Jumamosi tunacheza mchezo," alimwambia. "Mtaa mzima. Nitaficha hazina, nitaandika madokezo, watu watakwenda wawili wawili, nyumba kwa nyumba, mpaka waipate."

Kinyozi akacheka mpaka mkasi ukamtetemeka mkononi. "Mama Dobi, watu wazima na vitambi vyetu, tukimbizane na vikaratasi?"

"Ndiyo. Na kabla hujanijibu, shati lako nimeliunguza mgongoni. Sasa nijibu."

Kinyozi akalitazama shati, akamtazama yeye. "Nitakuja," akasema. "Na mke wangu atakuja."

Kwa hiyo wiki ile Mama Dobi alipiga pasi kwa mkono mmoja na kutunga mashairi kwa mkono mwingine. Aliyaandika kwenye vile vikaratasi vya njano ambavyo hubandikwa kwenye nguo ili zisichanganyike. Alihesabu mizani kwa vidole, akinong'ona, na wateja waliokuja kuchukua suruali zao walidhani anasali, wakasubiri kwa heshima. La fundi saa lilimtoka kwa urahisi:

*Saa zake ni uongo,*
*ukutani zimejaa;*
*ukitaka ya ukweli,*
*muulize mwenye taa.*

Nani asiyejua kwamba fundi saa huvaa taa kwenye paji la uso na kwamba hakuna saa mbili ukutani kwake zinazokubaliana? Lililomtesa ni la mwisho. Hazina ingetiwa kwenye mkebe wa biskuti na kufungwa kwenye nguzo chini ya daraja, pale mto unapopita nyuma ya maghala. Neno "daraja" alilijaribu kila mahali na kila mahali likamharibia vina. Siku ya nne akalitupa nje. Kwani mto ni mmoja tu, akasema, nani atapotea?

*Mwendo wenu umekwisha,*
*hakuna tena majuto;*
*hazina yawangojea,*
*iko chini yake mto.*

Akaridhika nalo mno. Akalisoma mara tatu.

Waliokabidhiwa madokezo aliwapa sharti moja, na kila mmoja alimwambia akiwa amemshika mkono: "Akija mkwe wangu, usimpe karatasi haraka haraka. Zungumza naye kwanza. Muulize kitu." Fundi saa akauliza amuulize nini. "Chochote," akasema Mama Dobi. "Mimi nimeshindwa."

Jumamosi asubuhi ilikuja na manyunyu membamba sana, hata usingeweza kusema yanashuka au yanapanda. Nyumba zilisimama kama zimetoka kufuliwa. Jozi tisa zilikusanyika mbele ya dirisha la dobi, wazee kwa vijana, na Mama Dobi akamtia mkwe wake pamoja na mke wa kinyozi, mwanamke ambaye hata ukimfunga mdomo ataongea kwa macho. Binti alikubali kwa sababu ya adabu. Mabegi yake yalikuwa yamekwishafungwa, yamewekwa mlangoni mwa chumba chake, na Mama Dobi alikuwa ameyapita asubuhi ile mara mbili, akijikaza asiyaguse.

Aliwafuata kwa mbali, akiwa na mwavuli. Aliwaona wameinama juu ya kikaratasi, wakabishana, wakashika njia. Kupitia kioo cha fundi saa alimwona binti amesimama katikati ya saa zote zile, kila moja ikisema lake, na fundi akimwekea ile taa yake kichwani ili naye aone ndani ya saa ya mkononi. Binti alicheka. Kicheko kilipenya kioo na manyunyu kikamfikia Mama Dobi barabarani, na akagundua kwamba katika miezi saba hakuwa amekisikia hata mara moja. Ilimuuma na kumfurahisha kwa pamoja. Baadaye alimwona ghorofani, kibarazani kwa mwalimu mstaafu, akiandika ukutani kwa chaki huku mwalimu akimsahihisha kwa ukali wa upendo. Watu walikuwa wakitoka milango ambayo haikuwa imefunguliwa kwa muda mrefu. Waliulizana habari. Mtaa ulikuwa ukielea kama unavyoelea nyuma ya kioo chake, ila sasa yeye mwenyewe alikuwa ndani yake, na viatu vyake vimelowa.

Akatangulia mtoni kusubiri.

Jozi ya kwanza ilifika ikihema, kisha ya pili, kisha zote kwa mkupuo. Mkebe wa biskuti ukafunguliwa, na ndani yake hamkuwa na dhahabu: ni vitu vyote vilivyosahauliwa mifukoni kwa miaka ishirini na sita, ambavyo wenyewe hawakuwahi kuviulizia. Vifungo, picha iliyopauka, ufunguo, jino la mtoto ndani ya kitambaa. Mwalimu aliiokota picha akaigeuza, akaifuta kwa kiganja huku wengine wakipiga kelele. Lilikuwa jambo zuri, na Mama Dobi hakulifurahia, maana alikuwa akihesabu vichwa.

Mke wa kinyozi alifika wa mwisho, peke yake.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amerudi nyumbani! Nimemwambia mtoni, mtoni, yeye akang'ang'ana kwamba sivyo. Ati ungekuwa mto huu ungeandika daraja. Amesema ni mto wa kulalia, na kwamba wewe huwezi kuficha hazina mahali penye matope."

Watu wakacheka. Mama Dobi hakucheka. Mto wa kulalia uliokuwa na maana nyumbani kwake ulikuwa mmoja, wa kitandani kwake, na chini ya mto ule vilikuwepo vikaratasi vingine vya njano. Wiki nzima, kila alipojilaza mchana kutafuta vina, kalamu ilikuwa imemtoroka na kuandika mambo mengine, na kwa aibu akawa anayasukuma chini ya mto. Alimpa mke wa kinyozi mwavuli na kuondoka bila kuaga, na kwa mwanamke wa umri wake alikwenda mbio.

Mabegi yalikuwa bado mlangoni. Binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe wake, vikaratasi vimepangwa mapajani safu kwa safu.

"Nilidhani ndiyo hazina, Mama," akasema. "Nikavisoma."

Mama Dobi alisimama akidondosha maji sakafuni. Binti akaanza kusoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayetafsiri ndoto.

"'Ile nguo ya kijani, unaipenda au ndiyo tu uliyonayo?' 'Ukilala mchana huwa unatabasamu. Mwanangu hakuniambia kama unatabasamu hivyo.' 'Nilipoolewa, mama mkwe alinipa ndoo kabla hajanipa kiti. Nikaapa kwamba wangu mimi sitamtuma hata kijiko.'" Akainua kimoja cha mwisho, kilichokuwa na neno moja. "'Usiende.' Hiki hakina vina, Mama."

"Nilikosa," Mama Dobi akasema. "Nilitafuta nikakosa."

Binti akaanza kulia, lakini maneno yakamtoka kwa hasira, na hasira ile ilikuwa kitu cha kwanza cha kweli alichowahi kumpa.

"Mimi nilidhani hunitaki! Kila nikishika kitu, 'Acha, mwanangu, pumzika.' Nikishika ufagio, pumzika. Nikisogea kwenye pasi, pumzika. Miezi saba napumzika, Mama! Anayeambiwa apumzike siku zote ni mgeni. Nikasema basi, nisisubiri kufukuzwa, niondoke mwenyewe kwa heshima."

Mama Dobi akakaa chini kitandani, na nguo zake zote mbichi zikalowanisha shuka alilolinyoosha mwenyewe juzi tu, asijali. Miezi saba alikuwa akimpa binti yule kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutamani, na kumbe kila siku alikuwa akimwonyesha mlango. Alitaka kusema, pole mwanangu, usilie, jilaze kidogo upumzike. Neno lilimfika kabisa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Inuka," akasema. "Mashati ya mwalimu anayataka leo jioni na mimi nimechoka. Twende."

Wakaingia chumba cha kazi. Binti alifuta uso kwa kiganja, akashika pasi kwa mikono miwili na kuanza katikati ya mgongo. Mvuke ukapanda, kioo kikaingia ukungu, na huko nje watu waliokuwa wakirudi kutoka mtoni wakawa vivuli vinavyocheka.

"Wee! Nani kakufundisha kuanza na mgongo?" Mama Dobi akafoka. "Kola kwanza! Kola, mabega, mikono, ndipo mgongo. Unataka kunifukuzia wateja?"

"Hapana, Mama."

"Na Jumatatu kuna mashuka arobaini ya nyumba ya wageni. Siwezi kuyakunja peke yangu. Utaamka saa kumi na moja alfajiri."

Binti akasimamisha pasi hewani. "Jumatatu, Mama?"

"Kwani una masikio ya nini?"

"Nimesikia," binti akasema. Akalikung'uta shati, akalitandaza tena mezani, akaanza upya kwenye kola.