Barua ya Mtani Wangu

Vijana wa nyumbani kwangu hubishana kama digrii ina faida siku hizi, kisha hunigeukia mimi niliyenayo. Yangu niliipata kwa sababu ya barua moja, na barua yenyewe ina kisa.

Enzi zile ukimaliza kidato cha sita hukuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza ufanye kazi miaka miwili, kisha watu wa pale ulipofanya kazi waandike kuwa wewe ni mchapakazi na hujivuni. Mimi nilirudishwa kwetu Kitomanga. Asubuhi nilipalilia mikorosho ya shamba la ujamaa, na alasiri nilifundisha kisomo cha watu wazima. Chuo nilikitaka sana, ila ukiniuliza cha nini, nababaika.

Na aliyeniuliza hakuchoka. Alikuwa bibi mmoja wa darasa langu, mtu mzima kuliko mama yangu.

"Miaka mitatu mnasoma nini huko? Mtu akiugua utamtibu?"

"Hapana, bibi. Nataka kusoma historia."

Akaweka chaki chini. "Mambo ya zamani si ungeniuliza mimi, nikakueleza bure?"

Nilicheka, lakini kesho yake nilipalilia na swali lile mpaka jua likawa kali. Kweli, kwa nini nisimuulize yeye?

Ukoo wake na wetu ni watani. Mtani atakutukana hata msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Basi siku ya mkutano wa kijiji, katibu wa tawi la chama akauliza nani ana la kusema juu yangu. Bibi akasimama, akakaza kanga yake.

"Mvivu huyu. Jembe likimwona linacheka. Mpelekeni huko chuoni, mtupunguzie njaa."

Watu walivunjika mbavu, baba yangu kuliko wote. Kwetu ile ilikuwa sifa. Katibu hakucheka, alikuwa anaandika. Alitoka kanda ya ziwa, hata miezi miwili hakuwa nayo pale, na hakuna aliyekumbuka kumwambia nani ni mtani wa nani.

Bahasha yenye barua yake niliipeleka Lindi mwenyewe, imefungwa, nikiwa na furaha tele. Afisa wa kupitisha maombi ya chuo akasoma, akanigeuzia karatasi nione: mvivu, hapendi kazi za mikono, wanakijiji wenyewe wamesema. Akanipa wiki moja nilete barua nyingine, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Nilirudi nimemkasirikia bibi hasa, na kumkasirikia mtani ni aibu, kwa hiyo nilikuwa na hasira na aibu pamoja.

Katibu alipoelezwa alifadhaika, akataka kuandika upya. Bibi akamzuia. "Niliyeharibu ni mimi, nitaandika mimi." Alikaa barazani kwetu asubuhi tatu, karatasi juu ya sinia, akataka nisimsaidie hata herufi moja. Aliandika hivi:

"Nilisema mvivu kwa utani. Mimi ni mtani wake. Nilikuwa sijui kuandika, huyu kanifundisha. Mchukueni. Sisi mtatuletea nani?"

Katibu akagonga muhuri. Afisa wa Lindi alisoma mara mbili, akaniuliza kama kweli mzee yule kaandika kwa mkono wake. Nikamwambia kweli tupu. Akanipitisha. Lile swali la mwisho hakuligusa, nami sikumkumbusha. Nilikuwa naogopa atabadili mawazo.

Hakuletwa mtu. Likizo ya mwaka wa pili nilirudi, nikamkuta bibi kwenye foleni ya ghala la kijiji, korosho zake zimeshapimwa. Karani alimsogezea daftari na kidau cha wino, naye akachovya kidole gumba na kukigandamiza kwenye karatasi.

"Shikamoo, bibi. Mbona huandiki jina lako?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Limenitoka. Tangu uondoke hakuna anayesomesha."

Alifuta kidole kwenye pindo la kanga. Mimi nikasimama palepale, nangoja anitanie, aniite mvivu, aitukane digrii yangu, lolote. Aliniuliza tu kama huko chuoni tunakula vizuri.