Fundi Miavuli na Kikundi Kisicho na Filimbi

Ni Jumamosi asubuhi, jua limeanza kuchoma mapema, na katika kibanda cha mabati pembeni ya soko mwanamke amepakata mwavuli uliopinduliwa miguu juu. Anang'ata uzi, anaufunga kwenye ubavu wa chuma uliochomoka, anaufungua mwavuli kuujaribu. Unafunguka vizuri. Mteja anashukuru na kwenda zake.

Fundi hangoji mteja mwingine. Anashusha turubai la mlangoni, anainama chini ya meza na kuibuka na ndege.

Naam, ndege! Bawa moja jeusi, jingine la maua mekundu, yote ya kitambaa cha mwavuli. Mifupa yake ni mbavu za miavuli iliyokwisha kufa kifo cha kawaida. Puani ina mota ndogo na pangaboi la plastiki, vitu alivyopata kwa fundi simu wa kibanda cha pili, na huendeshwa kwa rimoti iliyofungwa gundi ya karatasi kila upande.

"Mvua ikinyesha nakula, jua likiwaka narusha," anasema, na kicheko chake kinamfanya muuza nyanya wa jirani naye acheke, ingawa utani huo ameusikia tangu enzi.

Sokoni wanamwita Mama Mwavuli. Ana miaka hamsini na miwili, watoto wake wamekwisha kujitegemea, na kazi hii alirithi kwa shangazi yake. Msimu wa mvua hutengeneza hata miavuli ishirini kwa siku. Kiangazi, akipata miwili ni sherehe. Miezi hiyo mikavu ndiyo iliyomwingiza kwenye ndege. Alikuwa amekaa na rundo la mbavu na vitambaa visivyo na mwenyewe, mikono ikimwasha, akaanza kuunda.

Hakufundishwa na mtu. Ndege ya kwanza iliruka kama jiwe, ya pili ikapaa kidogo kisha ikajutia. Ya tatu ilizunguka uwanja mzima, na Mama Mwavuli akajikuta anapiga vigelegele peke yake mchana kweupe.

Mumewe, mpaka rangi wa nyumba, ana malalamiko yake. "Wenzangu wakichelewa kula, ni kwa sababu ya wageni," anasema. "Mimi nina mume mwenza, tena ana mabawa."

Raha ya peke yako ina mwisho, hata hivyo. Ukirusha ndege ikaruka vizuri na hakuna wa kumwambia "umeona?", unarudi nyumbani na nusu ya furaha. Ndiyo maana aliposikia kuna chama cha warushaji ndege ndogo upande wa pili wa mji, alivaa nguo yake nzuri akaenda.

Chama kilikuwa na sare, mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti na filimbi. Filimbi ikilia mara moja unaandaa, ikilia mara mbili unarusha, na asiye na fulana ya chama anasimama nyuma ya kamba. Mwenyekiti aliigeuzageuza ndege ya mabawa ya maua, akakohoa.

"Mama, hii si ndege. Huu ni mwavuli uliokosa adabu."

"Nikamwambia, adabu kama imekosekana hapa, haikukosekana kwa mwavuli," anasimulia. Alisimama nyuma ya kamba Jumamosi tatu, akiwatazama watu wakirusha ndege za dukani kwa foleni. Ya nne hakwenda. "Yule bwana si mtu mbaya. Anapenda ndege, ila foleni anazipenda zaidi. Mimi nimejiajiri maisha yangu yote, kwa umri huu nipuliziwe filimbi kama mchezaji mpira?"

Akarudi kurusha peke yake, kwenye uwanja wa nyuma ya tanuri la matofali. Akaapa, vyama basi.

Upepo ndio uliomvunjia kiapo. Siku moja ulimnyang'anya ndege, ukaipeleka ng'ambo ya kilima. Aliifuata mbio, kandambili mkononi, akakuta watu wanane wamekaa kwenye mkeka wanakunywa chai. Ndege yake walikuwa wameiweka katikati ya mkeka kama mgeni wa heshima, na pembeni zilikuwepo nyingine za kila sura: ya boksi la viatu, ya mfuko wa saruji, moja inayofanana kabisa na samaki.

Hakuna aliyemuuliza fulana. Mwanamume mnene mwenye unga kwenye nyusi alimsogezea kikombe. "Karibu, Mama. Hiki kitambaa cha maua umekitoa wapi? Nimekitamani."

Huyo ni mwoka mikate, na wenzake humwita Hamira kwa kuwa huumuka haraka, iwe kwa furaha au kwa hasira. Kikundi chao hakina jina. Kuna aliyewahi kupendekeza moja, wenzake wakapiga miayo, habari ikaishia hapo. Mwenyekiti hawana. Ukitaka unarusha, ukitaka unalala.

"Nilihisi nimefika kwetu," anasema Mama Mwavuli.

Lakini lilikuwepo jambo moja. Pale, ndege hairushwi na mwenyewe. Mwenye ndege hushika rimoti, mwenzake huinua ndege juu ya kichwa na kuuliza, "Kulia?" Mwenye rimoti akisukuma kijiti, mwenzake hutazama kama usukani wa mkiani umekwenda kulia kweli, kisha yeye mwenyewe husema, "Kulia." Halafu kushoto vivyo hivyo. Ndipo mwenzake huiachia iruke.

Mama Mwavuli aliposikia hivyo, damu ilimchemka. Akaisikia filimbi ile ile, safari hii imevaa kandambili.

"Ndege yangu nimeiunda mwenyewe, naijua kuliko ninavyomjua mume wangu," akawaambia. "Nitairusha mwenyewe."

Wakatazamana. "Haya, Mama, rusha," Hamira akasema, akahamisha birika tu.

Hapa inafaa ieleweke kazi ya fundi miavuli. Mwavuli haushonwi ukiwa umesimama. Hupakatwa umepinduliwa, tumbo juu. Mama Mwavuli amefanya hivyo miaka thelathini, na ndege zake huzipakata vivyo hivyo. Asubuhi ile alikuwa ameunganisha upya nyaya za mkiani, ndege ikiwa chali mapajani, na ya kulia akaifunga kushoto.

Akairusha. Ikainama kushoto, akasukuma kijiti kulia kuiokoa, ikazidi kushoto. Kadiri alivyoiokoa ndivyo ilivyozama. Iliruka juu ya vichwa vya watu walioanza kulala kifudifudi, ikajitosa kwa pua ndani ya kapu la mikate ya Hamira.

Mama Mwavuli akangoja hotuba. Alikuwa amekwisha kuzoea hotuba.

Hamira akachomoa ndege, akainua mkate uliotobolewa, akachungulia upande wa pili. "Watoto wangu kila siku wanaomba mikate yenye tundu," akasema. "Leo wameipata."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Mama Mwavuli hakucheka. Uso ulimwaka aibu.

"Mbona hamkunikataza?" akauliza.

"Ungekubali?" akajibu mmoja wao, nesi, mama mwembamba anayeongea polepole. "Si sheria hii, dada yangu. Mimi wodini dawa nyingine siitoi mpaka mwenzangu aitazame pia. Si kwamba sijui kusoma. Jicho la mwenyewe huona linachotarajia."

Alirudi nyumbani na bawa lililopasuka na kichwa kizito. Jumamosi iliyofuata hakwenda, na iliyofuata hiyo pia. "Niliona haya," anakiri. "Watu wamenikaribisha vizuri, mimi nimewaletea kiburi. Nikasema basi, nimekwisha kuwapoteza na hawa."

Mumewe, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa anakula kwa wakati, anasema hakuifurahia hali hiyo hata kidogo. "Nyumba ilipoa. Nikaanza kumtafuta mume mwenza chini ya kitanda nimrudishe."

Kisha, katikati ya ukame, mbingu haina hata wingu la kusingiziwa, Hamira akatokea kibandani na mwavuli.

"Nataka uutengeneze."

Mama Mwavuli akaufungua, akaufunga, akaukagua ubavu kwa ubavu. "Hauna ubovu huu."

"Basi uubomoe," akasema Hamira. "Upate kitambaa. Jumamosi tunakungoja, na mikate sasa naifunika."

Anapofika hapa katika kusimulia, Mama Mwavuli anajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mwavuli, kitu kisichofyonza hata tone. Anacheka. "Niliwahi kutafuta mahali ambapo hakuna wa kuniambia neno. Kumbe nilitaka watu wa kuniambia bila kunidharau. Ni vitu viwili tofauti, mwanangu."

Leo uwanjani, ng'ambo ya kilima, pana mgeni. Mumewe, mpaka rangi, amekuja, rangi ya samawati kwenye kucha, akidai amefuata mikate tu. Ndege ya asubuhi, mpya, yenye kitambaa cheusi cha Hamira kwenye bawa moja, bado haijaruka hata mara moja. Mama Mwavuli anaipitisha mbele ya Hamira, mbele ya nesi, anaiweka mikononi mwa mumewe.

"Mimi?" anashtuka. "Mke wangu, mimi sijui chochote."

"Macho unayo. Inua, uliza."

Anaiinua juu ya kichwa. "Haya. Kulia?"

Mama Mwavuli anasukuma kijiti. Mumewe anageuza shingo, anautazama usukani wa mkiani, anautazama tena. Anasita kidogo, kama mtu anayeogopa kumkosoa fundi mbele za watu.

"Mama watoto," anasema taratibu, "umekwenda kushoto."

Mkeka mzima unalipuka kwa vicheko, na anayecheka kuliko wote ni mwenye ndege. Anapiga magoti na koleo, anapindua ndege, kisha anakumbuka na kuirudisha tumbo chini. Huku akifungua nyaya anaeleza mpango wake. Kabla ya mvua kurudi ataunda ndege kubwa, kila mwanakikundi atatoa kipande cha mwavuli wake, na siku ya kuirusha atamwalika yule mwenyekiti. "Aje na filimbi yake kama hawezi kuiacha. Chai ipo."

Anasimama, anakung'uta magoti, anashika rimoti.

"Kulia?" anauliza mumewe.

Anasukuma kijiti.

"Kulia," anasema mumewe, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye tanuri. "Kushoto?"

Anasukuma tena.

"Kushoto," mumewe anathibitisha.

Naye anaiachia.